Kusoma Chuo Ukiwa Bado Sekondari: Mwongozo wa PSEO kwa Familia Zetu za Minnesota

Mwezi Machi wa mwaka wake wa mwisho wa sekondari, kijana wangu wa kwanza alikuwa amekusanya krediti 27 za chuo (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), zote kwa alama za A na B. Nyumbani tulikuwa tumeanza kuandika majina ya wageni wa sherehe. Kisha kaunsela wa shule akapiga simu: kijana hajasoma somo la serikali ya Marekani, na bila hilo hapewi diploma. Alikuwa amesoma sosholojia, saikolojia, ufundi wa kuhutubia, hata historia ya sanaa. Hakuna mtu aliyeketi naye mwanzoni akamwuliza sekondari inamdai nini. Mimi mama yake ndiye niliyepaswa kuketi naye. Somo lile alilimaliza usiku usiku kwenye kompyuta, Aprili na Mei, huku wenzake wakijaribu majoho.

Dada yake alipofika darasa la 11 tulianzia upande mwingine. Kwanza tuliandika madeni ya sekondari, yaani masomo anayodaiwa ili ahitimu, kisha chuo anakotaka kwenda baadaye, na kozi zikaja mwisho. Alimaliza bila simu ya Machi. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo wa pili.

PSEO ni kitu gani

Minnesota ilipitisha sheria hii mwaka 1985, na ndilo lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuifanya kwa jimbo zima. Jina lake kamili ni Postsecondary Enrollment Options, lakini shuleni utasikia PSEO tu. Mwanafunzi wa sekondari anasoma kozi za chuo chenyewe, akifundishwa na walimu wa chuo, ama kwa kwenda darasani ama kwa mtandao. Karo, ada na vitabu vinavyotakiwa katika kozi havitozwi familia. Krediti zinaingia pande mbili kwa wakati mmoja: kwenye rekodi ya sekondari na kwenye rekodi ya chuo.

Hesabu ya kukumbuka ni hii: krediti 4 za muhula wa chuo ni sawa na angalau mwaka mzima wa somo sekondari. Kozi ya krediti 3 basi ni kama robo tatu ya mwaka. Kinachofundishwa sekondari kuanzia Septemba hadi Juni, chuo kinakimaliza kabla ya Krismasi. Ndiyo maana watoto wanapenda PSEO, na ndiyo maana inawachosha.

Usiichanganye na njia nyingine mbili. Ya kwanza ni kozi za AP, zinazosomwa shuleni, na krediti inategemea mtihani mmoja wa mwezi Mei unaopewa alama 1 hadi 5. Vyuo vya Minnesota State, mfumo wa vyuo vya umma vya jimbo, vinatoa krediti kwa alama 3 na kuendelea. Ya pili ni kozi za chuo zinazofundishwa ndani ya sekondari na mwalimu wa sekondari aliyeidhinishwa na chuo. Chuo Kikuu cha Minnesota kinaziita College in the Schools. Kwa mtoto ambaye hana usafiri, au ambaye bado anahitaji kengele ya shule imwongoze, njia hii ya pili mara nyingi ni bora kuliko PSEO. Naisema mapema kwa sababu wazazi wengi tunasikia neno "chuo" na tunataka mtoto aende leo.

Kwa walio majimbo mengine: Washington wana Running Start, iliyoanzishwa na bunge lao mwaka 1990, ambako krediti 5 za muhula wa robo mwaka ni krediti 1 ya sekondari, na familia hulipa vitabu na baadhi ya ada isipokuwa zile za kipato kidogo. Ohio wana College Credit Plus, ya darasa la 7 hadi la 12. Tarehe na fomu zitakuwa tofauti, lakini mpangilio wa kufikiri utakaousoma hapa unafaa kote.

Hatua ya kwanza: andika madeni ya sekondari

Omba miadi na kaunsela kabla ya likizo ya Desemba ya darasa la 10, au mapema ya darasa la 11 kama umechelewa. Mwambie unataka karatasi mbili: transkripti ya mtoto, yaani rekodi ya masomo na alama zake, kama ilivyo leo, na orodha ya masharti ya kuhitimu ya wilaya yenu ya shule. Jimbo linataka angalau miaka 4 ya Kiingereza, 3 ya hisabati, 3 ya sayansi na 3.5 ya sayansi ya jamii, pamoja na sanaa na masomo ya hiari. Wilaya nyingine huongeza yao juu ya hayo.

Keti mezani na mtoto. Kwenye karatasi tupu chora mistari miwili ya kusimama. Kushoto, kila somo linalodaiwa. Katikati, alilokwisha kulisoma. Kulia, kozi ya chuo itakayolipa deni lililobaki. Sayansi ya jamii ndiyo inayowanasa wengi, kwa sababu ndani ya ile 3.5 mna historia ya Marekani, historia ya dunia, jiografia, uchumi na serikali. Si kila kozi ya chuo yenye sura ya sayansi ya jamii inayolipa deni la somo la serikali. Sosholojia ya kijana wangu iliingia kama somo la hiari tu, na masomo ya hiari alikuwa nayo tele.

Kila kozi unayoiandika upande wa kulia, mwombe kaunsela athibitishe kwa barua pepe kwamba itahesabiwa kwa deni hilo. Usiridhike na jibu la mdomo ukumbini. Kaunsela mmoja ana wanafunzi mamia na anaweza kuhama kabla mtoto hajahitimu. Barua pepe inabaki.

Hatua ya pili: jua krediti zitaishia wapi

Hapa ndipo penye thamani ya kweli, na ndipo familia nyingi hazifiki.

Kama mtoto atabaki katika vyuo vya umma vya Minnesota, njia imesafishwa. Kuna mkusanyiko wa kozi za msingi unaoitwa Minnesota Transfer Curriculum: maeneo 10 ya malengo, jumla ya krediti 40. Akiukamilisha wote katika chuo kimoja cha umma, vyuo vingine vya umma vya jimbo vinaupokea wote kama sehemu ya elimu ya msingi iliyokwisha. Asipoukamilisha, kozi zake zinapokelewa kwa eneo moja moja. Kila kozi kwenye katalogi ya chuo imeandikwa inaangukia eneo namba ngapi. Mfundishe mtoto kuitafuta namba hiyo kabla ya kulipenda jina la kozi.

Anayesoma krediti 15 kila muhula kwa miaka miwili anafikisha 60, ambazo ni shahada ya miaka miwili. Wapo watoto wanaohitimu chuo na sekondari mwezi mmoja. Ni jambo la kupigiwa vigelegele, lakini lisiwe lengo la kila nyumba. Anayetaka uhandisi, kwa mfano, anahitaji kalkulasi, fizikia na kemia kwa mfuatano wake. Shahada ya jumla ya miaka miwili iliyojaa kozi nyepesi itamfikisha chuo kikuu akiwa na krediti 60 na bado miaka minne mbele yake, kwa sababu masomo ya uhandisi yenyewe hajayagusa.

Kama anaota chuo binafsi chenye ushindani mkali nje ya jimbo, jueni kwamba vingi vya aina hiyo havitoi krediti kwa kozi iliyotumika kuhitimu sekondari. Kozi bado zitampa sifa kwenye maombi, lakini hazitafupisha masomo. Kwa kozi moja moja, tovuti ya Transferology inaonyesha chuo kipi kinaipokea na kama kitu gani. Kisha andikeni kwa ofisi ya udahili ya chuo chenyewe.

Jambo jingine la kutuliza roho: aliyekusanya krediti akiwa sekondari bado anaomba chuo kikuu kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hata akiwa na krediti 60, na ufadhili wa wanaoanza bado ni wake kuuomba. Tahadhari moja tu. Kozi atakayoichukua baada ya kuhitimu sekondari, katika kiangazi kile cha kusubiri, inaweza kufanya baadhi ya vyuo vimhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhamia, si wa mwaka wa kwanza. Aulize kwanza.

Tangu msimu wa vuli wa 2024 kuna pia North Star Promise, inayofuta karo ya vyuo vya umma kwa wakazi wa Minnesota ambao familia zao zina kipato kilichorekebishwa chini ya dola 80,000 kwa mwaka. Familia nyingi zetu zinaingia humo. Basi kwa nyumba kama hizo sababu ya PSEO si kuokoa karo peke yake, maana karo huenda ingefutwa baadaye. Sababu ni kuokoa miaka, na mtoto kuonja chuo akiwa bado anarudi nyumbani kula. Ukilijua hilo, presha ya "lazima amalize 60" inapungua.

Hatua ya tatu: anakubalika, na yuko tayari?

Haya ni maswali mawili. La kwanza lina majibu ya kitabuni. Kwenye vyuo vya Minnesota State, kigezo cha darasa la 11 ni kuwa katika theluthi ya juu ya darasa, au kufikia asilimia ya 70 kwenye mtihani sanifu wa kitaifa, yaani kuwapita watahiniwa 70 kati ya kila 100. Darasa la 12 ni nusu ya juu, au asilimia ya 50. Vyuo huangalia pia ushahidi mwingine wa uwezo, kwa hiyo asiyefikia kigezo asijitoe mwenyewe kabla ya kuuliza. Chuo Kikuu cha Minnesota kule Twin Cities kina mchujo wake wenye ushindani zaidi. Darasa la 10 huanza na kozi moja ya ufundi, kwa sharti la kuwa amefaulu mtihani wa jimbo wa kusoma, MCA, wa darasa la 8. Akipata C au zaidi kwenye kozi hiyo, mlango unafunguka kwa nyingine.

Chuo kitataka kujua kiwango chake cha Kiingereza na hisabati, kwa mtihani wa kupima au kwa alama alizo nazo. Watoto waliofika juzi kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale hujikwaa hapa, kwa sababu PSEO hairuhusu kozi za chini ya kiwango cha chuo. Hakuna kozi za kuimarisha Kiingereza kwanza. Usimwambie mtoto ameshindwa. Mara nyingi anafaulu hisabati, au anaweza kuanza na kozi ya ufundi. Kozi ya msaidizi wa muuguzi nimeiona ikiwafaa wengi. Sheria ya shirikisho inataka mafunzo ya angalau saa 75, na akimaliza anafanya mtihani wa jimbo na kuingia kazini. Nusu ya watu wazima wa kanisa letu wanafanya kazi hiyo kwenye nyumba za wazee. Mtoto hatakosa wa kumwelekeza.

Swali la pili halina fomu. Je, anaamka mwenyewe? Akipewa kazi ya wiki tatu, anaianza lini? Akikwama, anauliza au ananyamaza? Hesabu ya kawaida ya vyuo ni saa mbili za kujisomea kwa kila saa ya darasani. Krediti 12 basi ni saa 36 kwa wiki, sawa na kazi ya kuajiriwa. Ongeza zamu ya jioni dukani, wadogo wa kuwachukua kwenye basi, na bibi wa kutafsiriwa kwa daktari. Lazima tuwe wakweli hapa. Watoto wetu wanabeba mzigo wa nyumbani ambao wenzao hawabebi, na kama tunataka asome chuo, kitu fulani mezani petu lazima kihamie kwa mtu mwingine. Kwetu, baba yao alibadilisha zamu ili yeye ndiye achukue wadogo Jumanne na Alhamisi. Pasipo hilo isingewezekana.

Kama majibu ya maswali haya yanakutia shaka, muhula wa kwanza uwe wa kozi moja au mbili tu, huku masomo mengine akiendelea nayo sekondari. PSEO si lazima iwe ya siku nzima.

Hatua ya nne: tarehe na karatasi

Tarehe mbili ziandike ukutani: Mei 30 na Oktoba 30. Kufikia Mei 30 mtoto anaiarifu wilaya ya shule kwamba atasoma PSEO muhula wa vuli. Kufikia Oktoba 30 ni kwa muhula unaoanza Januari. Vyuo vina tarehe zao za maombi, na nyingine huja mapema kuliko hizo. Fungua ukurasa wa PSEO wa chuo unachokitaka mnamo Januari, si Mei.

Kinachotakiwa kwa kawaida ni maombi ya chuo kwenye mtandao, transkripti ya sekondari, na fomu ya jimbo iitwayo Notice of Student Registration. Mwanafunzi, mzazi na shule wote wanaijaza, na inarudiwa kila mwaka wa masomo. Sehemu ya shule ndiyo inayokaa muda mrefu. Mpeleke mtoto aikabidhi mkononi kwa kaunsela na aandike tarehe aliyoikabidhi.

Akikubaliwa na chuo cha Minnesota State anapewa utambulisho uitwao StarID. Nenosiri lake aliandike mahali, maana kila kitu kinapitia hapo: usajili wa kozi, barua pepe ya chuo, na D2L, yaani ukurasa ambako walimu huweka kazi na alama. Barua pepe ya chuo aisome kila siku. Chuo hakimpigii mzazi simu.

Kozi za muhula wa kwanza

Mchanganyiko niliouona ukifanya kazi ni kozi moja inayolipa deni kubwa la sekondari, kwa kawaida uandishi wa Kiingereza wa chuo, na nyingine moja ambayo mtoto ana nguvu nayo. Uandishi uje mapema kwa sababu kila kozi nyingine itamtaka aandike. Maabara ya sayansi iachwe muhula wa pili. Inakula saa nyingi kuliko krediti zinavyoonyesha. Na kozi zote zisiwe za mtandao kwa mara ya kwanza. Kozi ya mtandao haina mtu wa kukutazama usoni na kuona hukuelewa.

Aangalie pia mapengo ya ratiba. Kozi ya saa tatu asubuhi chuoni na somo la saa tano sekondari, katikati kuna basi, na Januari kuna theluji. Sheria inamruhusu mwanafunzi wa PSEO kubaki kwenye jengo la sekondari saa za shule na kutumia kompyuta za hapo. Michezo na vikundi vya shule havimfungii mlango kwa sababu tu anasoma chuo. Familia yenye kipato cha mstari wa umaskini au chini yake inaweza kuomba kurudishiwa gharama ya usafiri kati ya sekondari na chuo. Fomu hiyo haitangazwi sana, iulizeni.

Wiki za mwanzo

Sisi tuliosoma Kenya na Tanzania tulikuzwa na mtihani mmoja wa mwisho. Ungeweza kulegea kidato cha tatu ukajifunga kibwebwe cha nne, na karatasi ya taifa ikafuta yote. Huku hakuna kufuta. Kwizi ya wiki ya pili ina asilimia yake, mjadala wa mtandaoni una asilimia yake, na mwisho wa muhula vyote vinajumlishwa. Mtoto aliyelelewa na sisi anaweza kubeba mazoea yetu bila kujua.

Dawa yake ni silabasi. Kila mwalimu huitoa siku ya kwanza, na ndani yake mna tarehe zote, uzito wa kila kazi, na msimamo wa mwalimu kuhusu kuchelewa. Siku ya kwanza jioni, mtoto ahamishe kila tarehe kwenye kalenda moja, ya karatasi, mahali ambapo nyumba nzima inaiona. Binti yangu aliibandika kwenye friji. Nilipotoka zamu saa moja asubuhi nilijua leo ana nini bila kumwamsha. Asome pia mwalimu anasemaje kuhusu programu za akili unde. Mmoja anaruhusu, mwingine anahesabu ni wizi wa kazi, na kosa hilo linaandikwa kwenye faili ya chuo.

Jambo lililotusumbua zaidi lilikuwa adabu. Nilimlea binti yangu asimsumbue mkubwa. Mwalimu akisema ana saa za ofisi, yeye alielewa ni saa ambazo mwalimu anafanya kazi zake na hapaswi kuguswa. Alikaa wiki tano na swali la takwimu moyoni. Nilipogundua nilimwambia, "Mwanangu, hizo saa wamezitenga kwa ajili yako. Usipokwenda, ndipo unapomkosea." Alikwenda akiwa na daftari na swali moja lililoandikwa. Mwalimu alimweleza kwa dakika kumi. Kuanzia hapo alikwenda kila wiki.

Mfundishe pia kuandika barua pepe: amwite Profesa na jina la ukoo, ataje kozi na siku inayofundishwa, aulize jambo moja, ashukuru. Mistari minne inatosha.

Alama ni zake, si zako

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 iitwayo FERPA inahamisha haki ya rekodi za chuo kwa mwanafunzi mara tu anapoanza chuo, hata akiwa na miaka 16. Ukipiga simu chuoni kuuliza anaendeleaje, watakuambia kwa upole kwamba hawawezi kusema. Mwanafunzi anaweza kusaini ruhusa ya kukuonyesha. Rekodi zilizoko sekondari bado unaweza kuziona, lakini alama ya chuo hufika huko muhula ukishaisha, wakati hakuna cha kuokoa.

Sisi tulikubaliana kila Jumapili jioni afungue D2L mbele yangu kwa dakika kumi. Sharti langu lilikuwa kutogomba ndani ya dakika hizo kumi. Nilivunja sharti mara moja, na wiki mbili zilizofuata alisema mtandao una shida. Nililazimika kumwomba radhi ndipo tukaendelea.

Kama mtoto ana mpango wa elimu maalumu, ule wa IEP, fahamu kwamba hauvuki naye kwenda chuoni. Chuo kina ofisi ya huduma za ulemavu, na lazima mwanafunzi aende mwenyewe, na nyaraka, aombe muda wa ziada au msaada mwingine. Afanye hivyo kabla ya wiki ya kwanza.

Mambo yakienda kombo

Kuna madirisha mawili. Ndani ya siku 5 za kazi za mwanzo wa muhula, kwenye vyuo vya Minnesota State, kozi inaweza kuondolewa na isibaki alama yoyote kwenye rekodi. Baada ya hapo, hadi asilimia 80 ya muhula kupita, anaweza kujiondoa na rekodi itaonyesha herufi W. Baada ya dirisha la pili anapata alama anayostahili, hata ikiwa F. Asiguse dirisha lolote kabla ya kuzungumza na kaunsela wa sekondari, maana kozi anayoiacha huenda ndiyo iliyokuwa inalipa deni la kuhitimu.

W moja haiui mtu. F inauma kwa muda mrefu. Baadaye akirudi chuo hicho na kuomba msaada wa fedha wa shirikisho, wataangalia kama ana wastani wa 2.0 na kama amekamilisha theluthi mbili ya krediti alizoanza. Aliyeanza krediti 12 na kujiondoa kwenye 6 amekamilisha nusu tu, na tayari yuko chini ya mstari. Na kwa wale tunaowaita "daktari" tangu wakiwa chekechea: mfumo wa pamoja wa maombi ya shule za udaktari, AMCAS, unataka transkripti ya kila chuo ulichosoma, pamoja na kozi za wakati wa sekondari, na alama hizo zinaingia kwenye wastani wako. Kemia uliyoipata D ukiwa na miaka 16 inasimama mezani ukiwa na 22.

Kwa hiyo dalili za kukwama zishughulikiwe wiki ya nne, si ya kumi na mbili. Chuo kina kituo cha kufundishwa ziada bila malipo na wasaidizi wa uandishi. Mtoto aende kabla hajaanza kufeli.

Kufunga mwaka

Muhula ukiisha, vitabu virudishwe. Vimelipiwa na jimbo na ni mali ya chuo. Kisicho mkononi mwa duka la vitabu kufikia tarehe yao kinakuwa deni kwa jina la mtoto, na deni linaweza kumzuia kujisajili tena. Kisha athibitishe kwa kaunsela kwamba alama za chuo zimeingia kwenye transkripti ya sekondari, kila kozi kwenye safu ya deni tuliyoichora mwanzoni.

Mwezi Juni wa mwaka wa mwisho kuna kazi moja inayosahaulika. Transkripti ya sekondari haitoshi kuhamisha krediti. Chuo alichosomea PSEO lazima kitume yake moja kwa moja kwa chuo anakokwenda, na ni mwanafunzi anayeiagiza, baada ya alama za muhula wa mwisho kutoka. Akisoma vyuo viwili, aagize mbili. Binti yangu aliagiza yake Jumatatu ya kwanza baada ya mahafali, akiwa bado na hina mkononi. Julai chuo kikuu kilimtumia ukurasa mmoja wenye orodha ya kozi zilizopokelewa. Tuliuweka juu ya ile karatasi yenye mistari miwili, tukalinganisha mstari kwa mstari. Kozi moja haikuwepo. Aliandika barua pepe siku hiyo hiyo, akaambatanisha silabasi yake, na wiki iliyofuata ikaingizwa.